Maji Saba na Kalamu Nyekundu

Jumanne. Upepo wa vumbi tangu asubuhi, na mimi nimeamka na shaka zangu zote.

Zuhura, binti yangu, ana usaili wa kazi kwenye ofisi za serikali Mtumba keshokutwa. Ni wa tatu huu. Mara mbili zilizopita alikwama kwenye Kiingereza, kwa hiyo wiki nzima namfundisha: many kwa vinavyohesabika, much kwa visivyohesabika, few huku, little kule. Akikosea, nakata kwa kalamu nyekundu.

Lugha yenyewe siiamini. Nani aliamua kwamba maji hayahesabiki? Hapa Mkonze yakitoka tunayahesabu kwa madumu. Leo yametoka. Nikauliza kutoka jikoni, maji mangapi yamejaa?

"Saba, mama! Na jana nimeandika many water ukanikata."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Hapo nikazidi kumshuku. Siku tatu sasa, nikiingia anafunga daftari. Saa kumi anaaga anakwenda dukani, anarudi mikono mitupu. Nikasema moyoni, kuna mwanamume. Au ameamua kutokwenda Mtumba na anaogopa kuniambia.

Leo nikamfuata. Ndiyo, nimemnyatia mtu wa miaka ishirini na sita, nikajibanza kwenye ukuta wa jirani.

Alikuwa kwa Mama Chiku, fundi cherehani, asiyejua hata neno moja la Kiingereza. Zuhura amesimama wima, anajieleza kana kwamba yuko mbele ya wasaili. A few years, little experience, much interest. Alikosea mara mbili, nikauma mdomo. Mama Chiku alikanyaga cherehani yake tu. "Ehee. Endelea, mwanangu."

Akaendelea hadi mwisho.

Kwangu hajawahi kufika mwisho wa sentensi.

"Mama Zuhura, karibu!" Mama Chiku alikuwa ameniona. "Mbona umejibanza kama mgambo?"

Zuhura akageuka. Akakunja karatasi aliyokuwa ameishika.

Miaka yote hii nimeandika makala kali magazetini dhidi ya watu wanaowaziba wenzao midomo. Nimewashuku wakubwa, wasaili, hata sarufi ya Waingereza. Aliyeshika kalamu nyekundu sikumshuku hata siku moja.

Kalamu nimeitupa. Kesho saa kumi nitaomba nafasi kwenye benchi la Mama Chiku, Zuhura akinikubalia.

Je, nitaweza kusema "ehee" na kuishia hapo?