Ruhusa ya Kuinua Injini

Kyumbi, Machakos
6 Aprili 1997

Kwa mwaitu wangu Mwongeli,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao huku nyumbani. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua kila mawingu yakikusanyika, na hilo unalijua. Natumaini baridi ya Uingereza haijakumaliza, na wale wazee unaowatunza wanakula vizuri.

Najua ukisoma "mwaitu", yaani mama, unacheka. Cheka tu. Nilikupa jina la mama yangu mzazi, na Mkamba akishakupa jina la mamake basi wewe ni mamake, hata kama yeye ndiye aliyekuogesha ukiwa mchanga. Ndiyo maana leo nakuandikia kama mtoto mwenye jambo la kuomba.

Unalikumbuka gari letu, ile Pijo 404. Siku niliyokupeleka uwanja wa ndege, mwaka wa tisini na nne, ilinizimikia wakati wa kurudi, pale njia panda. Jirani yetu Abdikadir Bile, yule mfanyabiashara wa mifugo, aliivuta kwa lori lake mpaka nyumbani, na mbuzi wake wakinitazama njia nzima kana kwamba ni mimi ninayepelekwa sokoni. Tangu siku hiyo haijanguruma. Sikukuambia, kwa sababu wakati huo kila barua yako ilikuwa na machozi.

Sasa nimeamua. Gari lililokupeleka ndilo litakalokuleta. Lazima injini itoke ifunguliwe. Mafundi wa mjini wana mashine ya kuinulia, lakini nimeona magari yakiingia kwao na taa na kutoka bila taa. Nitaunda cha kuinulia mwenyewe, hapa uani.

Mwanao,
Baba

Leicester
2 Juni 1997

Kwa mwanangu mtundu,

Shikamoo, Baba. Mimi mzima, mafua tu. Goti unalipaka dawa niliyokutumia, au umempa Abdikadir awapake ng'ombe wake?

Nimecheka sana kuhusu mbuzi. Nilimsomea mwenzangu kazini, akataka kujua kama ni kweli. Lakini Baba, umri wako si wa kulala chini ya magari. Kaa kwenye kiti, ongea na watu. Pijo imefanya kazi yake.

Wasalimie wote. Kazi huku ni nyingi, mengine tutaona.

Mama yako,
Mwongeli

Kyumbi, Machakos
17 Agosti 1997

Kwa mwaitu,

Habari za siku nyingi? Huku sote tuko salama, na mafua yako nadhani yamekwisha. Dawa ya goti naipaka mimi mwenyewe, ingawa Abdikadir ameiulizia.

Kile cha kuinulia injini kimekamilika. Nimechukua mabomba matatu ya kile kisima kilichokauka kwa mjomba wako Ndeti, kule Ndithini, nikayaunganisha juu kwa bolti moja nene. Chini nimeifunga miguu yote kwa mnyororo, maana kitu cha miguu mitatu hakiangushwi na uzito, kinaangushwa na kutanuka. Winchi ya kuvutia mzigo ni habu, kile kitovu cha gurudumu la lori, na mkono wake ni kipande cha shafti. Pembeni nimeweka gia kutoka giaboksi iliyokufa, na kipande cha springi kinachoangukia kila jino, tak, tak, ili ukiachia mkono mzigo usirudi chini. Mnyororo wa kushikia injini ni ule wa plau, tuliolimia na marehemu Nthenya aliyekuzaa. Umekaa ghalani tangu ng'ombe waishe, nao bado unang'aa.

Nilijaribu kwanza kwa magunia ya mahindi. Halafu nikamwomba Abdikadir akae kwenye gunia lililofungwa kama bembea, kwa sababu hapa kijijini hakuna mzito kumshinda. Akaniambia, "Mzee Mulwa, mimi napima mbuzi, mimi sipimwi." Lakini alikaa. Tulimwinua mpaka miguu ikaning'inia, na mkewe Maryan akamletea chai huko huko juu. Sijacheka hivyo tangu uondoke.

Nimeshatoa redieta, kabureta na plagi, na mashimo nimeyaziba kwa matambara. Boneti nimeiegemeza ukutani. Zimebaki nati za kushikilia injini, na hapo nimesimama. Nataka mambo mawili kutoka kwako. Kwanza ruhusa. Mama yangu alipokuwa hai sikujenga wala kuchinja bila neno lake, na sitaanza leo. Pili, niambie utakuja mwezi gani, ili nijue nina muda gani wa kumaliza.

Mwanao,
Baba

Leicester
21 Septemba 1997

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Ruhusa sikupi. Mabomba ya kisima na mnyororo wa plau! Hapa namlisha kwa kijiko mzee aliyeangukiwa na mzigo kiwandani, na aliyekuwa akiuinua alikuwa fundi mwenye vyombo vya kweli. Sitaki kupigiwa simu kwamba umekutwa chini ya injini.

Usiiguse tena hiyo injini. Usiguse chochote cha gari hilo. Sikukatazi kama binti yako, nakukataza kama mama yako. Kama jina hilo si mchezo wa barua, nitii.

Mwongeli

Kyumbi, Machakos
19 Oktoba 1997

Kwa mwaitu,

Salamu. Mimi sijambo.

Barua nimeipata na nimesikia. Spana nimezirudisha kwenye sanduku. Sitaigusa.

Mvua imeanza, na inanyesha kwa nguvu.

Mwanao,
Baba

Leicester
20 Desemba 1997

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Hali yako? Goti?

Huku televisheni imeonyesha mafuriko ya Kenya, madaraja yamebebwa, na watu wanaita mvua hiyo Elnino. Nilitafuta Machakos kwenye picha sikuiona. Umeninyamazia, Baba. Kama nilikuandikia kwa ukali, ni kwa kuogopa. Niandikie hata mistari miwili, nijue paa la nyumba bado lipo.

Krismasi njema.

Binti yako,
Mwongeli

Kyumbi, Machakos
8 Machi 1998

Kwa mwaitu wangu,

Nakusalimu sana. Paa lipo, mimi nipo. Barua yako ilichelewa, barabara zilikatika. Wewe nawe uko salama?

Nikueleze yaliyotokea, nawe usikatize kusoma. Mvua ile ilinikuta nimeketi barazani, na Pijo iko uani bila boneti, imefunguliwa tumbo. Abdikadir alikuja mbio na turubai la lori. Nikamwambia aliache. Akasema kufunika si kugusa. Nikamwambia wewe humjui mama yangu, amesema nisiguse chochote. Akataka kuifunika yeye, nikamzuia, tukavutana turubai pale kwenye matope, wazee wawili. Mwishowe akalitupa chini akaenda zake, na kwa wiki nyingi hatukusemezana.

Nilikaa nikaitazama ikinyeshewa. Unaweza kuniita mjinga. Nilidhani nikikutii kabisa, bila kupunguza hata kidogo, utafurahi na kuniandikia siku ya kuja. Nilikuwa nikijiambia, mvua hii ikiisha, barua ya tarehe itakuwa imefika.

Matambara yalioza, maji yakaingia kwenye silinda yakakaa humo mpaka Februari. Juzi Abdikadir alirudi, tukajaribu kuizungusha injini kwa mtaimbo. Haikusogea. Pistoni zimeshikana na kutu. Nililia, mwaitu. Sioni haya kukuambia.

Sasa nakuuliza jambo moja. Wewe ulikulia kwenye ua huu, ulinishikia tochi nikiwa chini ya gari hilo hilo, na siku moja jeki ilipoteleza ulicheka kabla yangu. Si wewe wa kuogopa mabomba. Na katika barua zako zote za miaka miwili sijaona neno "nakuja". Je, ulinikataza injini, au ulinikataza kuja kukuchukua?

Mwanao,
Baba

Leicester
12 Aprili 1998

Baba yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako chooni kazini, kwa sababu ndipo mahali pekee penye mlango wa kufunga.

Umejua mwenyewe. Mabomba sikuyaogopa, ningependa niwepo nimwone Abdikadir na kikombe chake huko juu. Nilichoogopa ni gari likipona, halafu utake tarehe, nami sina tarehe.

Chuo cha uuguzi niliacha mwaka wa pili, karo ilinishinda. Kibali changu cha kukaa huku kiliisha zamani. Nikitoka sitaruhusiwa kuingia tena. Najua utasema basi rudi tu. Nirudi na nini? Siku ya harambee ya kunichangia nauli na karo watu walijaa ua mzima, mwalimu Kioko akatangaza kwamba nitarudi muuguzi, na akina mama wakaimba mpaka sauti zikakauka. Mimi hapa nafua mashuka na kulisha wazee wa wenyewe, na baba yangu mwenyewe hana wa kumpikia uji. Nitawaonyesha cheti gani?

Injini yako nimeiua mimi. Ulinipa neno la mama, nikalitumia kama rungu.

Usiningoje, Baba. Ukiningoja silali. Kama neno langu bado lina uzito kwako, hili ndilo la mwisho: acha kuningoja.

Mwongeli wako

Kyumbi, Machakos
24 Mei 1998

Kwa mwaitu Mwongeli,

Pokea salamu zangu zote. Mimi sijambo. Umeshapata usingizi?

Hukuiua injini. Iliuawa na mvua na ubishi wa mzee mmoja. Usijibebeshe.

Jumamosi tuliitoa. Sikukuomba ruhusa, maana aliyekufa hakatazwi kuzikwa. Abdikadir alishika winchi, mimi nikaongoza mnyororo. Ilipanda taratibu, tak, tak, na miguu ile mitatu haikutikisika. Ilipofika juu ilitoa maji ya kutu, yakamwagika kwa muda mrefu. Kisha tukaisukuma Pijo nyuma, tukaishusha injini juu ya gunia. Jirani mmoja akauliza kama gari litatembea tena, nikamwambia hapana. Akauliza basi ya nini kazi yote hii. Nilitaka tu kuona kama ingetoka, na ilitoka vizuri sana, mwaitu. Kama ingetoka Agosti, ungekuwa unasikia mngurumo wake mpaka huko.

Kuhusu harambee, wengi wa wale walioimba tumeshawazika. Waliobaki wakiniona huniuliza kama unakula na kama umepata mtu mwema. Mwalimu Kioko alistaafu, sasa anafuga kuku, na swali lake ni lini utakuja uonje. Cheti hakuna anayekiuliza. Njoo hata na mfuko mmoja. Gari la kukuchukua tutalipata, Abdikadir ana lori, na mbuzi watasogea.

Nijibu upesi.

Mwanao,
Baba

Kyumbi, Machakos
17 Januari 1999

Kwa mwaitu,

Salamu za mwaka mpya. Mimi nipo. Goti limezidi kidogo, Maryan ananiletea uji asubuhi, kwa hiyo hilo lisikusumbue.

Barua yangu ya Mei imerudishwa na posta. Juu ya bahasha mtu ameandika kwa kalamu nyekundu kwamba hukai tena hapo. Nyingine niliyokuandikia Agosti imerudi vilevile. Abdikadir anasema kuendelea kuandika ni kupoteza stempu. Ninaandika kwa anwani ileile kwa sababu sina nyingine, na huenda mtu wa nyumba hiyo anajua ulikohamia akakupelekea.

Injini iko ghalani, imefunikwa. Mabomba niliyarudisha kwa Ndeti, amepata kisima kingine.

Uliponikataza kuigusa injini nilikutii, hata Abdikadir ni shahidi. Sasa umenikataza kukungoja. Hilo, mwaitu, sitakutii. Ukikasirika, njoo unichape mwenyewe.

Mwanao,
Baba