Mlinzi Niliyemweka Mimi Mlangoni

Shangazi mshauri, shikamoo, naomba unishike mkono kabla ya Jumatano. Mimi ni fundi wa picha za kompyuta katika kituo kidogo cha habari, na kilichonifikisha hapa ni ule moto wa kiwanda cha nguo, ambao tuliutengenezea kipindi cha uhalisia pepe, yaani mtu anavaa miwani mikubwa ya kuziba macho na kujikuta amesimama kiwandani, akigeuka kushoto anaona cherehani, akigeuka kulia moshi unamjia, na mbele yake ni ule mlango wa dharura uliokutwa umefungwa, walipofia watu saba.

Sasa Shangazi, kazini kwetu tuna sheria kwamba kona isiachwe tupu, maana mtazamaji akiona patupu anakumbuka kuwa amevaa miwani, na pale mlangoni palikuwa patupu kwa kuwa hakuna shahidi aliyetuambia palikuwa na nani, basi nikachukua mtu wa kuchorwa kwa kompyuta katika akiba yetu ya picha, nikamvika sare ya mlinzi, nikampitisha mbele ya mlango, na kwa vile mikono yake ilikuwa imekakamaa kama ya mbao nikamshikisha funguo, haki ya Mungu sikuwaza kitu kingine ila ile mikono, kumbe siku ile ya moto mlinzi wa zamu alikuwa mmoja tu na kila mtu anamjua.

Kipindi kikasifiwa, kikapelekwa mashuleni na kwenye maktaba, na sasa watu wanampita mlinzi yule bila salamu, mwenye nyumba amemwambia ahame, naye anasema kila siku kwamba alikuwa upande wa nyuma akivunja dirisha ili watu watoke. Kilichonimaliza nguvu ni mama mmoja mshonaji aliyenusurika. Nilipomrekodi mwanzoni alisema moshi ulikuwa mzito hata mkono wake hakuuona, lakini juzi nimemkuta akijiandaa kutoa ushahidi Jumatano mbele ya kamati ya uchunguzi, nikamuuliza ataeleza nini, akaniambia, “Mwanangu, yule mlinzi nilimwona kwa macho yangu haya. Alipita na funguo, akanitazama, akaenda zake.” Na hadanganyi, Shangazi, anaamini kabisa, ingawa yule mtu wangu hata sikumfanya amtazame yeyote.

Mkurugenzi wetu ni baba mdogo, ndiye aliyenilea tangu wazazi wangu walipofariki. Nilipomweleza alisema hatukutaja jina la mtu na mwanzoni tuliandika kuwa baadhi ya mandhari ni ya kutengenezwa, kisha akasema nikifungua mdomo kituo kitafungwa na wenzangu kumi watakosa kazi kwa sababu yangu. Je, ninyamaze? Namwogopa baba mdogo, naiogopa kamati, na yule mlinzi ndiye ninayemwogopa kuliko wote.

Fundi wa picha

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole, ila pole yangu ya leo ni fupi. La kufanya umelijua tangu mama yule alipokwambia alitazamwa. Unachotafuta kwangu ni ruhusa ya kuchelewa, nami sikupi.

Nakubali hukuwa na nia mbaya. Lakini pale ambapo hukujua, ungepaacha patupu, watu wakaona kwamba hamjui. Msomaji wa gazeti anaweza kurudia mstari na kuutilia shaka. Wewe humsimulii mtu, unamwingiza ndani, naye akitoka anajiona ni shahidi. Hayo maandishi yenu ya mwanzoni nani atayakumbuka moshi ukimjia usoni?

Baba mdogo mpe heshima yake yote. Mwambie unakwenda kwenye kamati, usimwombe. Amekulea wewe, hakukulea ili umfunge mtu asiye na hatia, na hao wenzako kumi hawatakosa usingizi kama utakavyokosa wewe mlinzi yule akihukumiwa.

Leo hii, kabla ofisi hazijafungwa, chukua sauti ya kwanza ya mama mshonaji, chukua na mafaili ya kazi yako, uandike karatasi moja inayosema lipi uliambiwa na shahidi na lipi ulijaza mwenyewe. Mkabidhi katibu wa kamati, asaini kwamba amepokea. Dai kipindi kiondolewe mpaka kona ile iwe tupu. Usiende kubishana na mama yule, amepata ya kumtosha. Kisha nenda kwa mlinzi, umwambie mbele ya mkewe na watoto. Akikufukuza, fukuzika, urudi tena.

Na sasa langu, maana nisikukaripie kana kwamba mikono yangu ni safi. Miwani hiyo nimeivaa mwezi uliopita kwenye maktaba, nikatoka nikijiona nilikuwapo. Wiki mbili baadaye mlinzi huyo alikuja kuomba kazi hapa gazetini. Nilipoulizwa maoni nilisema hafai, na nilipoulizwa kwa nini, nilijibu kwamba nilimwona pale mlangoni. Alikuwa amekaa kwenye benchi nje, mlango uko wazi, na alinisikia. Mpaka barua yako inanifikia Ijumaa ningekula kiapo kwamba nilimwona. Asubuhi hii nakwenda kwake, na nitamwambia kwamba sikumwona.