Kiti Kisichouma

Kwako Dada mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na Mama naye amefunguliwa bandeji ya jicho na anaendelea kupata nafuu. Nijulishe kama ameanza kukutambua ukiwa mlangoni, au bado anangoja asikie harufu ya uji ulioungua ndipo ajue ni wewe. Nasikia anawagombeza wauguzi, basi anapona. Huku watoto wako hawajambo. Mkubwa anasoma bila kusukumwa, mdogo ameng'oka jino na analionyesha kwa kila anayepita. Shemeji ni mzima wa mwili. Habari zangu mimi zina mlolongo, na ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Najua Shemeji alikupigia simu akakwambia tu kwamba safari ya majaribio haikwenda vizuri, mengine utayasikia kwangu. Ningeweza kukupigia na mimi, lakini kwenye simu nimezoea kukwambia kila kitu ni sawa, na Mama huwa yuko karibu anatega sikio. Kwa hiyo nimeandika, tena kwa mpangilio, ili usiyasikie nusunusu.

Ulipoondoka tulikuwa bado tunakata sponji. Yule mama wa kampuni ya kupeleka dawa, ambaye sisi karakana nzima tunamwita Mama Dawa, alikuwa amesema anataka viti vipya na masanduku ya mizigo kwa pikipiki zake zote. Waendeshaji wake hukaa kitini tangu asubuhi hadi jua linazama. Akasema hataki maneno matamu: tupakie pikipiki mbili kama wanavyopakia watu wake, tuziendeshe siku mbili hadi kwenye ghala lake kule chini ya milima, kisha tumwambie uso kwa uso kiti kimefanya nini na sanduku limefanya nini. Akikubali, karakana ina kazi ya mwaka mzima. Asipokubali, Shemeji alishatuambia bila kuficha kwamba hataweza kubaki na sisi sote.

Mambo haya yote, Dada, yalikuwa yameegemea juu yangu, kwa maana ile ile unayoijua. Tangu nije hapa hakuna kiti kinachotoka kabla sijakikalia. Nafumba macho, natulia, nasema sponji imepungua upande gani, na wakikifungua wanakuta ni kweli. Ndiyo maana wakaniita Mizani. Fundi wa kuchomelea husema mimi niliishia sekondari lakini makalio yangu yalikwenda chuo kikuu. Shemeji alimwambia Mama Dawa kwamba makalio ya shemeji yake hayajawahi kusema uongo, na mama wa watu alicheka hadi akavua miwani.

Kiti chenyewe kilikuwa na wazo langu ndani yake. Nilishauri pembeni tuweke kingo za sponji ngumu, zilizoinuka, zishike mapaja ili mwendeshaji asiteleze kwenye barabara mbovu. Nilikifunga kwenye pikipiki ya karakana nikawa nakwenda nacho kila mahali kwa majuma kadhaa. Siku za mwanzo kiliniuma chini ya mapaja. Baadaye maumivu yakaisha. Sisi tuna msemo wetu pale kazini, kwamba kiti ni kama kiatu, kikiacha kuuma kimeiva. Jioni ile maumivu yalipokwisha niliandika kwenye shajara yangu, na tarehe juu yake, kwamba kiti kimeiva, nikalala kwa furaha.

Tuliondoka Jumatatu asubuhi, mimi na Shemeji, kila mmoja na pikipiki yake, masanduku mawili pembeni na moja kwenye keria, yote yamejaa mifuko ya mchanga. Sheria ya majaribio unaijua: njiani hakuna kugusa. Bolti ikilegea, ilegee. Kiti kikiuma, kiume. Hakuna kuweka kitambaa chini. Ukirekebisha kitu, umejipima wewe, hujakipima.

Kufika mchana Shemeji alikuwa anaendesha amesimama juu ya vikanyagio kama mtu anayechungulia ukuta wa jirani. Tulipopumzika alitembea kama bata. Akaniuliza mimi je, nikamjibu kwamba niko kama juu ya godoro. Akacheka, akasema basi uzee umeamua kumwingilia kwa mlango wa nyuma. Nikacheka naye. Kila tuliposimama aliuliza tena, na kila mara nilimjibu vile vile, na kila mara aliona aibu kidogo na kuacha kulalamika.

Siku ya pili tulisimama kunywa chai mahali ambapo barabara inaanza kuteremka mlima. Shemeji alikwenda nyuma ya nyumba kunyoosha mgongo. Mama muuza chai akaniuliza kama nimebeba nyama, kwa sababu anasikia harufu ya kuungua. Nikamwambia ni mchanga tu. Akainama, akatazama, kisha akavuta pumzi na kuniuliza kama nimelewa. Nilipotazama niliona suruali yangu imetoboka kwa ndani, upande wa bomba la moshi, na ngozi ya mguu wa kulia chini yake imeiva, nyeupe, imegandana na kitambaa. Niliigusa kwa kidole. Dada, ilikuwa kama kugusa mguu wa mtu mwingine.

Nilimwomba kipande cha kitambaa, nikafunga, nikavuta soksi juu yake. Nikamsihi asiseme kitu mbele ya mwenzangu. Akanijibu kwamba mguu ni wangu, na ukikatwa hautakatwa kwake. Shemeji aliporudi nilikuwa nimekwisha kupanda.

Najua utaniuliza kwa nini sikusema hapo hapo. Mama Dawa alikuwa anatungoja chini ya mteremko ule, na niliona wazi kwamba kama Mizani hana hisia, basi kila neno nililosema juu ya kiti kile ni upepo. Nikajiambia ngoja tufike kwanza.

Mguu wa kulia ndio wa breki. Nilipoanza kushuka niligundua kwamba sijui kama uko juu ya kikanyagio au pembeni yake. Ilinibidi nitazame chini. Ukitazama chini huoni kona, na ukitazama kona huujui mguu, na nyuma mchanga unakusukuma kama umati wa watu mlangoni. Jasho lilinitoka ndani ya kofia mpaka likaniingia machoni. Shemeji alikuwa mbele yangu, mgongo wake ninauona kabisa.

Kwenye kona moja lilitokea lori linapanda. Shemeji akapunguza mwendo. Nami nikakanyaga breki, au nilidhani nimekanyaga. Mguu ulikuwa umeteleza nje na unakanyaga hewa. Mgongo wa Shemeji ukawa unanijia. Nikabana breki ya mkono kwa nguvu zote, gurudumu la nyuma likayumba, sanduku la kushoto likagonga mwamba. Mkono wa chuma unaolishikilia ukakatika, sanduku likabiringika likampita Shemeji, likafunguka, na mchanga ukamwagika mbele ya lori. Dereva alifunga breki, akashuka, akatutukana kuanzia injini hadi babu zetu. Hakuna aliyeumia.

Shemeji alikuja mbio akanishika uso kwa mikono miwili, akaniuliza mara tatu kama niko mzima. Halafu akaona ule mkono wa chuma uliokatika, na hasira ikapata pa kwenda. Akasema fundi wetu anachomelea kama mtu anayebandika stempu. Akampigia simu pale pale, kando ya barabara, akamwambia akusanye vifaa vyake asimkute karakana. Nilisikia sauti ya fundi kwenye simu ikiuliza amekosa nini. Mtu tunayekula naye sahani moja kila mchana, Dada. Nami nilikuwa nimesimama hatua chache tu, nikizoa mchanga.

Tulifunga sanduku kwa kamba. Nilimwambia Shemeji nimeshtuka, nikashuka kwa gia ya kwanza, kwa breki ya mkono peke yake.

Ghalani Mama Dawa alitupokea na waendeshaji wake wawili, wakaanza kubonyeza viti kwa vidole gumba kama wanunuzi wa maparachichi. Akamuuliza Shemeji matokeo. Shemeji akasema kiti kimefaulu. Akasema yeye kimemuuma, hawezi kuficha, lakini huo ni umri wake, kwa maana Mizani hakuumia hata chembe. Sanduku ndilo limeanguka, na fundi aliyelitengeneza ameshafukuzwa. Mama Dawa akanigeukia, akaniuliza kama mimi ningewapandisha watu wake kwenye kiti hiki kuanzia kesho. Mmoja wao, msichana, alikuwa amekwisha kukikalia. Anajitikisa kushoto na kulia, anacheka, anamwambia mwenzake kwamba kinakumbatia vizuri.

Nilimwomba ashuke. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia, akashuka haraka. Nikapandisha suruali nikafungua kile kitambaa. Nikawaambia kwamba kiti hakikuacha kuniuma kwa sababu kimeiva, kiliacha kwa sababu mguu umekufa ganzi. Nikawaambia kingo zile ni wazo langu. Nikamgeukia Shemeji nikamwambia kwamba fundi hana kosa, chuma chochote kingekatika kikigongwa kwenye mwamba, na aliyekigonga ni mimi niliyefunga breki kwa mguu nisiokuwa nao.

Tabibu wa ghala aliitwa, akasafisha kidonda, akanibonyeza hapa na pale akiniuliza. Akasema inaelekea mshipa wa fahamu umebanwa chini ya paja kwa muda mrefu. Mingine huamka yote, mingine nusu, mingine haiamki. Hawezi kuniahidi, niende hospitali. Mama Dawa akafunga jalada lake, akasema atazitazama karakana nyingine. Alipofika mlangoni alimgeukia Shemeji, akamwambia siku akija tena amletee anayeumia, asimletee asiyeumia.

Kesho yake pikipiki zilipakiwa kwenye lori, nasi tukakaa mbele na dereva. Tulipoanza kuona taa za nyumbani ndipo Shemeji akaniuliza, bila kunitazama, tangu lini.

Hapa, Dada, ndipo ninapokukiria wewe nilichomkiria yeye ndani ya lile lori. Harufu ile ya kuungua pale kwenye chai haikuwa habari ya kwanza. Kabla hatujaondoka nyumbani ndara ya kulia ilikuwa ikinivuka nikitembea, nami sijui mpaka nigeuke niione iko nyuma yangu. Mwanao mdogo aliwahi kunifuata nayo uani akinicheka. Ulinipigia simu jioni ya kuamkia safari, ukaniuliza kama niko sawa, nikakwambia niko sawa kabisa, na wakati nasema nilikuwa najifinya mguu. Niliogopa nikisema, Shemeji atampeleka mtu mwingine. Nilikuwa nimelipenda mno lile jina la Mizani. Na kwa jina hilo karibu nimgonge baba wa wapwa zangu mlimani.

Nilitegemea matusi. Shemeji akasema kwamba naye alikuwa anaumia siku mbili na hakuamini makalio yake mwenyewe kwa sababu ya yangu. Kwa hiyo wajinga tuko wawili. Asubuhi yake alikwenda kwa fundi kumwomba radhi. Fundi akamjibu kwamba vifaa hakuvikusanya hata kimoja, kwani hasira ya Shemeji ni moto wa karatasi, yeye hungoja uzime aendelee na kazi. Lakini siku nzima ile hakunitania, na hilo nililisikia.

Hospitali wamesema kama tabibu wa ghala. Wamenikataza kukaa muda mrefu, wakaniambia nifuatilie kila siku hisia inaishia wapi. Basi Shemeji kila asubuhi hunilaza juu ya meza ya kukatia ngozi, nafumba macho, ananichoma polepole kwa sindano ya kushonea viti, kuanzia gotini kwenda chini, nami naitika. Pale ninapoacha kuitika anachora mstari kwa chaki. Siku ya kwanza niliitika, nikaitika, halafu nikawa nasikia pumzi zake tu, anachoma na kuchoma, na mimi sina cha kusema. Ameshaanza kukata kiti kingine kisicho na kingo, na anayekikalia sasa ni yeye, na fundi, na mpishi wa jirani mwenye maneno mengi. Mama Dawa hajajibu. Kazi ya watu wawili karakana bado iko mashakani, na mmoja wao huenda ni mimi.

Leo asubuhi nililala mezani kama kawaida. Sindano ilipita mstari wa jana, upana wa kidole hivi, nikapiga ukelele nikamtukana mumeo tusi ambalo siwezi kuliandika. Akatupa sindano, akapiga kelele kumwita fundi, akamwambia nimetukana, nimetukana. Fundi alikuja mbio na miwani yake ya kuchomelea usoni, akataka nichomwe tena ili naye asikie. Wakanichoma tena. Iliniuma, Dada. Iliniuma sana.

Mpe Mama shikamoo yangu. Habari za mguu usimsomee kwanza. Msomee ile ya dereva wa lori, atacheka. Wapwa zangu wanakusalimu na wanauliza unarudi lini. Nami nakutakia subira na afya, wewe na mgonjwa wetu, mpaka tutakapoonana.

Mdogo wako,
Mizani (kama bado unaniruhusu)