Mtunzi Hajulikani

Hamburg, Ujerumani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeisikia hata kabla sijaishika kalamu. Goti linaendeleaje? Mvua imeshika huko Kisesa, au bado mnaangalia mawingu yakijiendea zake ziwani? Mimi mzima wa mwili. Usingizi ndio umenikimbia, na sababu ni wewe.

Juzi mwenzangu wa hapa hotelini ninapoosha vyombo, Mturuki mmoja mcheshi, kaniita kwake kunionyesha kompyuta mpya. Mama, siku hizi huku kuna maduka yasiyo na mlango. Unaangalia bidhaa kwenye kioo, unabonyeza, unalipa kwa kadi, posta wanakuletea. Akasema, "Ngoja nikutafutie kitu cha kwenu." Akabonyeza. Ikatoka sauti yako!

Haki ya Mungu, sauti yako. Ule wimbo wa kupalilia pamba, na jirani yetu Mama Ngolo anaitikia kwa pua yake ile ile! Ndio aliourekodi yule mgeni aliyekuja na kinasa sauti, uliyempikia kuku, ukawakataza watoto wasitwange ili kelele zisiingie. Sasa wameongeza magitaa, wanauuza. Chini wameandika: "Wimbo wa asili. Mtunzi hajulikani." Nikaruka. Hajulikani? Nikapiga kelele kwa Kiswahili nyumbani kwa watu: "Anajulikana! Anakaa Kisesa, nyuma ya mashine ya kusaga!" Mwenzangu akadhani nimepata wazimu.

Tangu hapo sijatulia. Nimempata wakili, mama mmoja anayewasaidia wasanii bila malipo. Kanieleza kwamba sheria ya hakimiliki inamlinda aliyetunga. Wimbo usio na mwenyewe, kila mtu anajichukulia. Na ile kaseti ambayo wewe na wenzako mnataka kurekodi Mwanza mjini, mkiitoa, hao wenye duka wanaweza kugeuka waseme ninyi ndio wezi. Hebu fikiria!

Ndiyo maana wakili alikupigia pale kwenye simu ya dukani, pamoja na mkalimani wake. Mimi kutafsiri walinikatalia, kwa kuwa ni mwanao. Akakuuliza, "Wimbo huu ni wa nani?" Ukamjibu, "Ni wetu."

Lo, Mama! Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikashika kichwa. Wewe ulikuwa unaonyesha adabu. Kwetu nani anasema "changu"? Nyumba yetu, shamba letu, hata kanga uliyojifunga unaiita kanga yetu. Lakini mkalimani katafsiri neno kwa neno, na wakili kaandika kwamba wimbo hauna mtunzi mmoja. Nilipobisha akasema, "Mama yako mwenyewe amesema."

Najua kinachokuzuia. Mwaka aliofariki Baba, pamba yetu ilimezwa na majani, wenzako wakaja na majembe bila kuitwa. Maneno ya kuwashukuru yalikushinda, ukaimba. Leo utasemaje ni wako peke yako? Unaogopa watasema Mama Masanja ana mtoto Ulaya, kaota mapembe. Lakini Mama, wao walikuja kupalilia, hawakuja kutunga. Nilikuwepo, nimembeba mdogo wangu Kabula mgongoni. Kitakachopatikana gawaneni hata chote, sina neno. Jina tu ndilo lisigawanywe.

Wakili atapiga tena Jumamosi, mnada wa hapo kijijini ukishamalizika. Amesema akipata jibu lile lile anaachana na kesi. Ninaosha sahani moja mara mbili kwa mawazo, msimamizi ananifokea.

Kabula msalimie, mwambie akusindikize dukani mapema. Shangazi akivuka kwa feri ya Kamanga kutoka Sengerema, mpe salamu, na aache kutangaza kwamba nimeoa. Mama Ngolo mwambie pua yake imefika Ulaya, tena bila pasipoti.

Mama, huku jina langu halijulikani. Wananiita "wewe wa vyombo", na nimezoea. Wewe kufanyiwa hivyo siwezi kuzoea, inaniuma. Jumamosi wakikuuliza, nakupigia magoti, kosa adabu mara moja tu. Sema: "Ni wangu." Halafu taja jina lako lote, lile alilokupa Babu, polepole, waliandike.

Mwanao,
Masanja