Barreti ya zamu na uso wa Zaina

Jumatano. Mawingu yamelala juu ya ziwa tangu asubuhi, mvua haiji, na mimi nimechoka kana kwamba ni mimi niliyeyabeba.

Leo nimegombania kipande cha memori ya kompyuta, barreti, kisichofika urefu wa kalamu. Tuliinunua wawili, mimi na jirani yangu Hasani mwenye saiba kafe, hapa Buyenzi. Asubuhi iko kwake. Kuanzia saa nane iko kwangu, kwenye studio ya picha. Tunaihamisha ikiwa imefungwa kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara. Hatuvuti, sote wawili. Tunaokota.

Asubuhi akaja Mama Zaina, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Binti yake alipotea siku tulipokimbia risasi mtaani Kamenge, akiwa na miaka mitano. Kuna watu wanaopeleka picha za watoto waliopotea kwenye makambi ya Tanzania, picha moja kwa kila mtoto. Gari lao linaondoka kesho alfajiri. Na umeme walisema utakatwa saa sita.

Nikaskani picha ya Zaina iliyokunjika. Kompyuta ikaganda kwenye paji la uso.

Nikamweleza: mashine yangu ina sinia dogo la memori, kwa hiyo kila samaki inakwenda kumchukua kwenye gunia nyumbani.

"Si uchukue sinia kubwa?"

Liko kwa Hasani. Tukaenda kumwomba.

"Apana, Idi! Zamu yako saa nane. We hauna saa?"

Mama Zaina hakubishana. Aliweka beseni la ndagala mlangoni pa saiba, akakaa. Wateja wakaanza kushika pua. Barreti ikatoka.

Nilipoichomeka, picha ilifunguka mara moja. Nikafuta mikunjo.

"Sasa muongeze miaka. Sasa hivi iko na tisa."

"Mama, mashine haijui hiyo."

"We unajua. Ulikuwa unamuona."

Jana asubuhi, bila barreti, ningesingizia mashine. Leo ilitii kila nilichoiambia, haikunipa hata sababu ya kupumzika. Nikarefusha kidevu, nikapunguza mashavu.

Tukaangalia. Msichana mzuri, ambaye mimi na mama yake hatujawahi kumuona.

"Toa hiyo kwenye karatasi," akasema.

Sikumbishia. Ameondoka nayo kifuani, nami nimebaki na uchovu huu na swali moja.

Zaina akionyeshwa picha ile kambini, atajijua?