Tundu Yenye Inajifunga Yenyewe

Godelive, mudogo yangu,

Wewe uko muntu ya namna gani? Tangu nilitoka Kilwa yetu ya ku ziwa kuya kuikala huku Lubumbashi na Régine, mutoto ya mwana yangu Alphonse, haujakanyaga hapa hata mara moja. "Yaya, barabara iko mubaya." Barabara iko mubaya kwa bote! Bamama ba kuuza samaki banapanda kamio kila juma, banafika, banauza, banarudia, na matako yabo ingali mahali pake. Ya kwako njo ya mayai? Régine, mwenye anaandika hii barua juu mimi sikuingia masomo, anakataa kuandika ile neno. Nimemwambia: andika, barua ni yangu.

Mugongo yako je? Na bwana yako, angali anakohoa na kuficha dawa chini ya kitanda? Sisi tuko bazima. Ni magoti yangu tu yenye inalalamika kila asubui mbele hata sijaamka.

Sasa sikia yenye ilitupata. Régine alipata kazi mu kliniki moja hapa Makomeno, lakini banamupima kwanza. Kazi yake ni kuchunga rezo, zile waya zenye kuunga mashini zote pamoja. Mu biro yake kuko sanduku ya chuma yenye matundu mingi, banaita swichi. Kila tundu inakamata waya moja, na ile waya inaenda ku mashini ya muntu: ya kesi kwenye banalipia, ya dokta, ya labo kwenye banapima damu. Tundu ikiwa muzima, kataa kake, ile taa kadogo, kanawaka kijani. Ikijifunga, kataa kanageuka rangi ya machungwa, na ule muntu anabakia kuangalia ukuta.

Mimi kila muchana namupelekea bukari na sombe, juu ukimwacha anakula mikate tu kama ndege. Napita mu labo kusalimia babinti ba mule, namungoja pale, tunakula.

Basi, tundu ya labo ikaanza kujifunga. Ilianza siku moja, kisha ya chakula. Bagonjwa banangoja majibu ya damu, dokta anapiga kelele mu koridori. Régine anaandika mu mashini yake, tundu inafunguka, punde si punde inajifunga tena. Nikamwambia, mimi nkambo yake, mama ya baba yake, afungue na nguvu.

"Nkambo, kufungua haiko kazi. Swichi inafunga juu imeona hatari. Usipotosha ile hatari inje, itafunga tu."

Akatafuta. Mu labo, juu ya meza, kuko kaswichi kengine kadogo kenye kugawanya waya kwa mashini tatu. Akakuta waya moja, ncha zote mbili ziko ndani ya kale kadogo! Maneno inatoka huku inarudilia kule, inazunguka bila kupumua, mpaka rezo yote ingekufa. Njo maana swichi mukubwa inakata labo, bengine bapone. Akatosha ile ncha, akafungua tundu, kijani. Kesho yake, kisha ya chakula: machungwa. Ncha imerudia ndani. Na siku ingine, vile vile.

"Kuko muntu ananifanyia kusudi," akasema, macho mekundu.

Nani? Sisi bote tukamufikiria Papa Donatien, mukubwa ya labo, juu alitaka ile kazi ipewe mupwa wake. Nikamukamata mbele ya bagonjwa.

"Papa, na imvi zote hizi, unachezea chakula ya mutoto?"

"Mama, nimefanya nini?"

"Uulize waya!"

Ile siku direkta ya kliniki akamwambia Régine: kesho ikijifunga tena, ubebe kibeti yako, usirudie. Mutoto hakula. Mimi mwenyewe sikumaliza sahani yangu, na wewe unanijua.

Kesho yake Régine akaikala mu labo kuvizia. Papa Donatien naye akaikala, mikono kifuani, anamuangalia. Mimi nikaingia na chakula. Nikasalimia bote, yeye nikamuruka. Nikaona ile waya inaning'inia mupaka chini, kama matumbo ya kuku. Mu nyumba ya bagonjwa! Nikaiokota, nikaipanguza na kikwembe yangu, nikairudisha mu tundu yenye ilikuwa wazi, tak, kama nafanyaka kila siku.

Nikaanza kufungua bukari.

Kisha dokta ku koridori: "Rezo!"

"Nkambo," Régine akasema polepole, "tosha mukono."

Papa Donatien akacheka mupaka akashikilia kabati. Mutoto analia. Mimi nikaenda mbio, na haya magoti, kwa direkta.

"Ufukuze mimi!"

"Mama, wewe haufanye kazi hapa."

"Basi unipe kazi kwanza, kisha unifukuze!"

Akajaribu kukaza uso, akashindwa. Akasema Régine alikuwa anatafuta mahali pa kweli, tangu mwanzo, basi anabakia ku kazi. Ile waya ikafungiwa mu kabati. Na chakula yangu inaishia kwa mulinzi ku mulango. Sawa, lakini kuacha waya chini ni uchafu, na sitasema ingine.

Kumebakia neno moja. Nilimutukana muntu mbele ya bantu, na hakuwa na kosa. Nilimwomba musamaha mu koridori, akasema hapana, Mama, pale penye ulinitukania njo pale utaniombea, na usikuye mikono mitupu. Papa Donatien iko na haki. Mama yake alizaliwa kule kwetu ku ziwa, na yeye samaki ya soko ya huku anaiita karatasi.

Unisalimie bwana yako mukohozi, dada ya bwana yako mwenye alinishona kikwembe ya safari, katekista, na jirani yetu wa kupiga matofali. Alphonse akipita pale, umwambie binti yake iko na kazi.

Mimi yaya yako mwenye anakugombeza juu anakupenda,

Ngoie

Sasa ukuye. Ulete samaki ya kukauka, yenye minofu, usinichagulie bichwa. Utaingia mu labo mbele yangu, umupe Papa Donatien mukononi, bagonjwa bakiona, na mimi nitapiga magoti nyuma yako. Na ukiona waya chini, Godelive, uiruke.