Kiganja Kitupu

Masanja,

Sikuandikii kukutakia pumziko jema. Wenzangu wamekwisha kukutakia, wakalia, wakala ugali wa matanga, wakaenda zao. Mimi nina hasira na wewe, na kwa kuwa hatujafichana kitu tangu tukichunga ndama, sitaanza leo.

Mama yangu amefukuzwa kijijini. Mama yuleyule aliyekulea miaka ile mama yako alipokuwa mgonjwa, aliyekuita ng'wanawane, mwanangu, kama anavyoniita mimi, mtoto wake wa kumzaa. Wanasema alikuloga. Ushahidi wao ni kwamba asubuhi ile, tulipokuwa tunakwenda kumtafuta yule nyati aliyekuwa akivamia mashamba, ulipita kwetu ukanywa maziwa mgando kwenye kibuyu chake. Na macho yake mekundu. Macho! Nani kijijini hapa anayepikia samadi, moshi ukamwacha na macho meupe?

Wewe unajua kilichokuua. Mimi pia najua, maana nilikuwepo.

Bunduki zetu tulizichukua pamoja, jina moja, kiwanda kimoja, toleo la zamani. Yako ukaenda kuibadilisha Shinyanga kwa toleo jipya. Kwa nini? Eti inang'aa! Hata yale maua ya kwenye mti wa kitako chake hayakuchongwa kwa mkono, yamegandamizwa na mashine. Nakubali, shabaha ilikuwa nzuri na chuma chake imara. Lakini nilipoifungua nilikwambia, "Masanja, hii wameikata kucha." Ukacheka mpaka ukakohoa. "Wewe, Luhende, wangekuachia ungewinda kwa upinde."

Haya, cheka sasa.

Kwenye ya zamani kuna kucha refu la chuma ubavuni mwa bolti, kile chuma cha kusukumia risasi. Risasi ikipanda tu kutoka kwenye magazini, kisanduku chake, kucha linaikamata kitako na haliiachii. Ya kwako ilikuwa na kakucha kadogo, hakashiki kitu mpaka bolti ifungwe kabisa. Nilikueleza. Ukasema unajua. Ulijulia wapi, wakati ulikuwa umepigia makopo tu, ukifunga bolti mpaka mwisho kila mara?

Baba yako alitufundisha vingine. Bolti husukumwa polepole, isilie, na haifungwi mpaka bega la mnyama lionekane. Akigeuka, unairudisha na kuipokea risasi kiganjani, kwa sababu hatembei mtu porini na risasi kwenye chemba ya mtutu wakati mwenzake yuko mbele. Ndivyo mikono yetu ilivyozoea.

Nilikuwa mbele yako, kwenye kichuguu. Nyati akageuka, nikakuashiria ungoje. Nikageuza kichwa, nikakuona umerudisha bolti, umekinga mkono, unaangalia kiganja chako. Kitupu. Risasi ilikuwa imebaki ndani. Ile sura yako, Masanja! Kama mtu aliyeweka kitu mezani akageuka akakikosa. Kisha nyati akatusikia akaja, na wewe ukasukuma ya pili nyuma ya ya kwanza. Zikakwama. Nilimpiga, nikampiga tena, akaanguka, lakini alikuwa ameshakufikia.

Siku ya matanga, kabla kaka yako Kulwa hajaipeleka bunduki yako polisi Kahama, niliomba wazee wakae. Nikaweka zote mbili kwenye ngozi. Nikasukuma, nikarudisha, yangu ikanipa risasi mkononi. Nikafanya vilevile kwa yako, kiganja kikabaki kitupu; nikasukuma ya pili, ikakwama mbele ya macho yao. Nikamwita Kulwa ajaribu mwenyewe. Akajaribu, ikakwama. Watu wakanong'ona, nikadhani nimemwokoa mama.

Kulwa akainuka akifuta machozi. Akasema, "Bunduki tumeiona. Lakini nani aliyempumbaza ndugu yangu akaiacha nzuri akachukua hiyo?" Na wote, Masanja, wote wakageuza vichwa kuelekea nyumba yetu.

Nilitukana siku ile maneno ambayo sikujua kama ninayo. Haikusaidia. Mama akapanda lori la pamba na mkeka wake. Sasa yuko Nyasubi, Kahama mjini, kwa dada yangu, anakaa uani kama mgeni, hana hata kuku wa kumfukuza kwenye mtama. Nilipokwenda kumwona nilikulaani mbele yake. Akanikataza. Akauliza, "Yale maziwa, aliyamaliza?" Nikamwambia uliyamaliza. Akasema afadhali, hukufa na njaa.

Mimi sina moyo huo. Nakukasirikia kwa kununua mng'ao. Nakukasirikia kwa kusema unajua. Namkasirikia Kulwa anayenisalimia kisimani kama hakutokea kitu, na mimi naitikia, maana alama za mkeka wa mama zilizobaki kwenye udongo wa ua wetu sijui nimwoneshe nani. Zaidi ya yote nakukasirikia kwa sababu ungekuwepo ungemnyamazisha kwa neno moja, halafu tungekwenda kucheka.

Nitamrudisha mama. Nitasimama kila kikao, na bunduki yangu kuukuu, mpaka wachoke kunitazama. Siku tutakayorudi tutapitia kaburini kwako kwanza, na yeye atakuwa amebeba kibuyu, namjua. Atakumwagia maziwa na kukuita mwanawe.

Mimi nitasimama kando. Nipe muda, ndugu yangu. Kwaheri.

Luhende